Saa Mbili na Kanda Nilizozifuta

Wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzetu wa stesheni, na ninyi nyote mliotoka karibu na mbali, familia inawashukuru kwa kufika, na kabla hatujamsindikiza marehemu nimepewa kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake, mimi mdogo wake wa kumfuata, tumbo moja, ambaye wengi wenu hamnijui kwa jina langu, mnanijua kama mdogo wake Saa Mbili, na leo sina nguvu ya kuwasahihisha. Karatasi niliyoshika ina kurasa mbili, imepigwa chapa na binti yake mkubwa, tarehe zote zipo na nitazisoma zote, lakini nimeongeza yangu pembeni kwa kalamu, na anayefikiria kunikatiza ajue kwamba kipaza sauti hiki nimekifunga mimi mwenyewe asubuhi, na swichi yake iko chini ya kiatu changu.

Mmeiona televisheni ile kubwa iliyowekwa mbele, karibu na mashada ya maua. Imewekwa na watoto wa marehemu, ambao walitaka historia ikisomwa tumwone baba yao akiwa kijana, akisoma taarifa ya habari ya saa mbili, akibisha hodi kwenye milango ya watu na kipaza sauti mkononi, kama walivyosimuliwa na watu wazima wa mji huu tangu wapate akili, maana wao wenyewe hawakumbuki kumwona akiwa kijana hivyo hata kwa dakika moja. Televisheni ni nzima na umeme upo, ila hakuna cha kuonyesha, na wiki nzima wameniuliza kwa nini, nami nimewajibu uongo uleule niliowajibu kwa karibu miaka ishirini. Leo nataka waondoke hapa na jibu la kweli, hata kama baada ya hapo hawataniita tena baba mdogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, saa nne asubuhi, katika nyumba ya tatu ya safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa mwangalizi wa ishara za treni, na mama yetu, aliyekuwa fundi cherehani aliyeshonea watu barazani. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye katika chumba hichohicho, na mama alipenda kusimulia kwamba kaka yangu alipoletwa anione alinikodolea macho, akauliza, mbona huyu amechukua sura yangu, watu wakacheka mpaka basi, na kicheko hicho kiliishi nyumbani kwetu miaka na miaka, kila mgeni akija kinasimuliwa upya. Naona shauri lilikatwa siku hiyo, sura ilikuwa yake, mimi nimeazima.

Alianza shule ya msingi Januari 1961 na kumaliza Novemba 1967, akaendelea na sekondari kuanzia 1968 hadi 1971, kisha akaingia chuo cha ualimu, akahitimu tarehe 30 Novemba 1973, na kote huko alipopita mimi nilifika miaka mitatu baadaye nikakuta kiti bado cha moto. Walimu waliita majina kwenye daftari la mahudhurio, wakifika kwangu wanainua macho, wanasema, aaa, mdogo wake yule, halafu wanangoja nifanye kitu, na mimi sikuwa na cha kufanya isipokuwa kutengeneza kengele ya shule ilipoharibika, kazi ambayo hakuna anayekupigia makofi. Yeye alipanda jukwaani akakariri, mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa nikishika waya, na msidhani nilikuwa mtoto mwema wa kufurahia mafanikio ya ndugu yake, nilikuwa na kijiba cha roho tangu nikiwa na miaka minane, nakikumbuka kilivyokaa, hapa, chini kidogo ya koo.

Alifundisha jiografia kwa miaka kumi, kuanzia Januari 1974, na wanafunzi wake wengine nawaona hapa wana mvi. Mimi nilisomea ufundi wa mitambo, nikawa na kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya posta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa mahali ambapo hakuna aliyenitangulia.

Sasa nafika kwenye kazi, ambayo ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa. Karatasi inasema, marehemu alijiunga na stesheni ya televisheni ya mji wetu mwaka 1984 kutokana na kipaji chake, nukta. Nimeweka alama ya kuuliza hapo. Stesheni ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Julai 1984, katika jengo lililokuwa ghala la magodoro, na mwenye ghala alipohama aliacha magodoro mabovu ambayo tuliyapigilia misumari kutani ili sauti isirudi, kwa hiyo wale mliomwona Saa Mbili kwenye pazia la bluu na kudhani yuko ikulu, nyuma ya pazia lile kulikuwa na magodoro yenye madoa ambayo sitaki kuyaeleza mbele ya wafiwa. Niliajiriwa mimi, tarehe 16 Januari 1984, fundi wa kwanza, miezi mitano kabla yake. Tarehe 4 Mei niliomba na nikajaribiwa kusoma habari, kwa sababu hilo ndilo nililolitaka tangu nikiwa na waya nyuma ya jukwaa, na meneja wa wakati ule, mtu wa haki na asiye na simile, akanitazama kwenye skrini akasema sauti ninayo, tena nzuri, ila uso wangu unameza mwanga.

Tarehe 11 Juni, shule zikiwa zimefungwa, kaka yangu alikuja kuniletea funguo nilizosahau nyumbani. Nilikuwa napanga taa na sina mtu wa kumpangia, nikamwambia, kaka, kaa hapo kwenye kiti dakika tano, usiguse kitu. Dakika tano zile zilichukua miaka thelathini. Meneja alipita, hakutazama kiti, alitazama skrini, akauliza huyu nani, nikasema ni kaka yangu, ni mwalimu, ameniletea funguo, akasema mwambie asome chochote, na karatasi pekee iliyokuwa karibu ilikuwa maelezo ya kubadilisha balbu. Kaka yangu akasoma maelezo yale, hakikisha umezima umeme, subiri balbu ipoe, usiguse kioo kwa vidole vitupu, akayasoma taratibu na kwa upole kiasi kwamba mfagiaji alisimama na ufagio wake, mpokea wageni akaacha simu ikilia, na mimi nikiwa juu ya ngazi na taa mkononi nikajua kwamba nimekwisha. Ukiona vyaelea, vimeundwa, wahenga hawakukosea, na kama mlikuwa mnajiuliza nani alimuunda Saa Mbili, nani alimwekea mwanga ule uliofanya mama zenu waseme huyu kijana ana uso wa kuaminika, ni mimi, na sijasikia mtu akilisema hilo mpaka leo ninapolisema mwenyewe.

Alisoma taarifa ya habari ya saa mbili kuanzia siku ya kwanza ya stesheni hadi tarehe 31 Desemba 1991, na jina lake halisi likapotea. Mama yetu alikuwa akivaa gauni la kutokea ifikapo saa mbili kasoro robo, anakaa mbele ya televisheni, kaka akisema habari za jioni, mama anajibu, nzuri, mwanangu, umekula, halafu ananigeukia mimi nikiwa zamu ya mapumziko, ananiuliza, na wewe huko kazini huwa unafanya nini hasa? Mke wangu, ambaye yuko hapa na ananikata jicho, mwanamke ambaye katika ndoa yetu hajaniacha nimalize sentensi moja, kwa Saa Mbili alinyamaza, akawanyamazisha na watoto, akaongeza na sauti. Kuna wiki moja mwaka 1985 roho iliniuma nikampangia taa kutoka chini, ili aonekane na mifuko chini ya macho, na kweli alionekana kama mtu aliyetoka hospitali. Zikaja barua za pole magunia mawili, wanawake wakaleta asali na dawa za mizizi mpaka mlangoni, na meneja akasema tangu stesheni ifunguliwe hatujawahi kupendwa hivi.

Tarehe 6 Septemba 1986 alianzisha kipindi cha Hodi Mtaani, ambacho alikifanya kwa miaka mitano, vipindi mia mbili na kumi na viwili, kila kimoja nusu saa, anachagua mtaa, anachagua mlango, anabisha, na yeyote atakayefungua ndiye mgeni wa wiki hiyo. Hapa ndipo linapoanza jambo langu. Taarifa ya habari ilikwenda hewani moja kwa moja bila kurekodiwa, na kwa vipindi vingine stesheni ilikuwa na kanda mia tatu tu za kurekodia, kubwa kama matofali, na kuagiza mpya kulichukua mwaka mzima, kwa hiyo kila Jumatatu saa tatu asubuhi tulifuta za zamani ili turekodi juu yake, na kuanzia mwaka 1987 aliyechagua ipi ifutwe na ipi ibaki nilikuwa mimi, mkuu wa chumba cha kanda. Ilikuwapo fomu, namba ya kanda, kilichomo, sababu ya kuifuta, sahihi yangu, na chini yake sahihi ya mkuu wa vipindi. Ilikuwapo na sheria moja niliyoiweka mimi mwenyewe, kwamba kanda haifutwi kabla haijatazamwa yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ili tusije tukafuta kitu kwa makosa.

Tarehe 20 Februari 1988 nilioa. Mpiga picha, bila kuambiwa na mtu, alimweka Saa Mbili katikati, bibi harusi kushoto, mimi kulia, na wageni wakaimba atoe neno, atoe neno, wakimwimbia yeye, na picha hiyo imening'inia sebuleni kwangu mpaka leo, njooni muione. Nilirudi kazini Jumatatu ya tarehe 29, nikafungua kabati, mbele yangu kukiwa na hotuba ya diwani mmoja kuhusu mitaro, mechi ya mpira iliyoisha bila bao, na Hodi Mtaani namba moja. Nikaitazama Hodi Mtaani yote, nikaandika kwenye fomu, sababu, haina umuhimu, nikaifuta. Nilipoona hakuna aliyeuliza, Jumatatu iliyofuata nikafuta nyingine, na sikuacha, na ya mwisho niliifuta tarehe 14 Agosti 1995, na mara mia mbili na kumi na mbili niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, haina umuhimu. Hotuba ya mitaro ipo hadi leo, safi kabisa, anayeitaka aje.

Watoto wa kaka yangu, paa halikuvuja. Mwaka 2003 binti mkubwa alikuja ofisini kwangu na sare za shule, akitaka kumwonyesha mwalimu wake kipindi kimoja cha baba yake, nikamwambia mvua ya mwaka 1998 ilivujia kabati na kuharibu kanda zote, akasema pole baba mdogo, kana kwamba aliyepata hasara ni mimi. Mvua ya 1998 ilikuwa kubwa, hilo ni kweli, lakini chumba cha kanda kilikuwa mahali pakavu kuliko pote katika jengo lile. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla baba yenu kilikula mezani kwake kila sikukuu, kikaongezewa na sahani ya pili.

Nakumbuka mwaka 2009, stesheni ilipotimiza miaka ishirini na mitano, walitafuta picha yake inayotembea wakapata sekunde arobaini, mkiani mwa kanda ya ile mechi isiyo na bao, mahali ambapo kanda ilikuwa imebaki kidogo na mpiga picha akajaribia kamera yake. Ndani yake anaonekana kinyozi mmoja akizungumza, na upande wa kushoto kuna mkono, mkono wa kulia wa kaka yangu mpaka kwenye kiwiko, umeshika kipaza sauti. Ukumbi mzima ulisimama ukapigia makofi kiwiko. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa nikawaza kwamba hata kiwiko chake kinapigiwa makofi.

Tuendelee na karatasi. Tarehe 1 Machi 1992 marehemu aliteuliwa kuwa mkuu wa vipindi, na tarehe 1 Septemba 1997 akawa mkurugenzi mtendaji, nafasi aliyoishika hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2014, na katika miaka hiyo ndiye aliyetutoa kwenye ghala la magodoro akatupeleka kwenye jengo la ghorofa tatu, ndiye aliyeleta mnara mpya, ndiye aliyeleta mkalimani wa lugha ya alama kwenye habari wakati stesheni kubwa zikimcheka. Mwaka 1999 wakubwa wa mji walimtaka aondoe habari ya maji machafu ya bomba, wakampigia simu mara tatu mchana mmoja, akaandika barua ya kuacha kazi, akaiweka mezani, halafu akaingia studio mwenyewe, baada ya miaka minane ya kutosoma habari, akaisoma ile habari yeye. Nilikuwa nyuma ya kioo. Nilikuwa natamani asite, hata mara moja, hata akohoe, na hakukohoa, na kesho yake bomba lilianza kuchimbwa na barua ile hakuna aliyethubutu kuipokea. Kama bosi hakunipendelea na hakunionea, alinilipa kama mafundi wengine, alinikaripia kama mafundi wengine, na siku nilipostaafu alitoa hotuba fupi ya kweli iliyofanya watu walie, nami nikalia nao, na nikaona wivu kwamba hata kuagwa kwangu kumependeza kwa sababu ya mdomo wake.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yangu huyu hapa, mfamasia, ambaye nasema mbele yenu hakuwahi kunitenga hata siku moja, na aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kukaa na nyota nyumbani na bado amwambie atoe takataka. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1989, wa kiume aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1992, na kitinda mimba aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1996, na wajukuu wanne. Mimi na mke wangu tuna watoto wawili, nao walipokuwa wadogo walicheza mchezo wa Saa Mbili chini ya meza, mmoja anasoma habari na mwingine anatazama, na hakuna aliyewahi kutaka kuwa fundi.

Afya ya marehemu ilianza kuzorota mwezi Machi 2021, akachoka kwa hatua chache, miguu ikavimba, na madaktari wakagundua kwamba moyo ulikuwa umepanuka. Alitibiwa akitokea nyumbani hadi tarehe 19 Agosti 2022, alipolazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani, na kwa kuwa mimi ndiye mstaafu asiye na kazi nilikaa naye mchana wote kwa wiki sita, naye hata pale aliendelea kunishinda, wagonjwa wa wodi nzima walimwomba awasomee gazeti.

Tarehe 22 Septemba, alasiri, baada ya dawa, aliniuliza ghafla, ile ya seremala bubu, nilivaa shati gani? Hodi Mtaani namba themanini na saba, mlango ulifunguliwa na seremala asiyesikia wala kusema, na kaka yangu badala ya kubisha mlango mwingine aliingia, akakaa juu ya mbao, akamwangalia akichonga mguu wa kigoda kwa nusu saa bila neno hata moja, na siku ile hakuna nyumba iliyozima televisheni. Nilimjibu bila kufikiri, la mistari ya bluu, kifungo cha pili kilikuwa kimekatika, ukakificha kwa kipaza sauti. Akauliza, na ya mama wa miavuli? Nikamwambia jeupe, na ulikosea jina la mtaa ukacheka mwenyewe. Akaniuliza ya kinyozi, ya mfua nguo ambaye kaka alimuunguzia shati la mteja, ya mapacha waliogombana mlangoni nani afungue, nikamjibu zote, kumi na tano, ishirini, vazi lake, mvua ilinyesha au jua lilikuwa kali, nani alilia, nani alimfukuza. Mwisho akauliza, ina maana ulikuwa unazitazama zote? Nikasema zote. Mpaka mwisho? Nikasema mpaka mwisho, sheria ilikuwa hivyo. Akacheka mpaka muuguzi akaja kutugombeza.

Muuguzi alipotoka nikamuuliza swali nililolikalia miaka ishirini na saba. Nikamwambia, kaka, ulikuwa unajua? Akasema, wewe nawe, kwani sahihi yangu haipo? Ipo. Fomu tisini na nne za mwisho, tangu alipokuwa mkuu wa vipindi, zina sahihi yake, kubwa, wino mweusi, chini ya maneno yangu haina umuhimu, nami siku zote nilidhani anasaini bila kusoma. Nikamuuliza, sasa kwa nini hukunizuia? Akasema, ulikuwa na hasira, na mimi nilikuwa na vipindi vipya vya kurekodi kila wiki. Kisha akageukia dirishani akalala. Ndugu zangu, nimeibeba dhambi hii miaka yote nikijua ni yangu peke yangu, ndicho kitu pekee nilichofanya ambacho yeye hakuwa na mkono ndani yake, kumbe nacho alikisaini, na pale kando ya kitanda chake, badala ya kushukuru, nilihisi kijiba kilekile, hapa, chini ya koo.

Kaka yangu alifariki dunia tarehe 3 Oktoba 2022, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Shemeji yangu alikuwa amemshika mkono wa kulia, na mimi nilikuwa nimetoka kutafuta maji ya moto, kwa hiyo hata hilo sikuliona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa yule muuguzi wa zamu ya alasiri aliyetugombeza na kisha akarudi kuuliza tulikuwa tunacheka nini, inawashukuru majirani waliofagia uani kwetu, waliochota maji na kulala nasi sakafuni, inawashukuru wafanyakazi wenzetu wa zamani na wa sasa, mafundi, wapiga picha, madereva, wasomaji, na meneja wetu wa kwanza aliyekuja kwa kiti cha magurudumu, ambaye ametazama uso wangu leo, akatikisa kichwa, na bado hajabadili mawazo. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, na tunawaomba mzipokee shukrani hizi kama zilivyo.

Nimebakiza neno la watoto wa marehemu. Baba yenu nilimfuta kwa mkono wangu, kwa makusudi, nikiwa na akili timamu, na sababu ilikuwa wivu, sina jina jingine la kuuita. Sikuombeni mnisamehe mbele za watu, maana mtu akiombwa msamaha mbele za watu hana nafasi ya kukataa. Ila jueni kwamba niliyemfuta nilimtazama kwanza, nusu saa mara mia mbili na kumi na mbili, peke yangu, mlango nimeufunga, na hakuna aliyemtazama hivyo, wala mama yetu, wala mama yenu. Na nikisema kweli yote, nilikuwa napenda iwe hivyo, mji mzima ulikuwa naye na mimi nilitaka niwe na kipande ambacho hakuna mwingine anacho, na hata sasa nikifikiria kuwagawia nahisi kama naporwa. Lakini hakina mwenyewe mwingine isipokuwa ninyi. Njooni nyumbani, mmoja mmoja au wote, njooni na daftari au na simu ya kurekodi, niulizeni namba yoyote kuanzia moja hadi mia mbili na kumi na mbili, nitawaambia alivaa nini, alisema nini na alicheka wapi. Na njooni mapema, wanangu, kwa sababu nina miaka sitini na mitano, presha ninayo, juzi nimesahau jina la mjukuu wangu kwa muda wa chai nzima, na nakala ya baba yenu iliyobaki duniani ni hii moja.

Kaka yangu, pumzika, na iwe kwa amani.